Maswali Yenu: Shokapu, Springi na Miguu ya Gari la Kasi

Barua nyingi za safari hii zinahusu miguu ya magari ya kasi: Impreza, Altezza, Mark X na mengine ya aina hiyo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine wanaofanya kazi hii wenyewe uani.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, sedani. Nikipita tuta inadunda, na kwenye kona inalala. Nimenunua springi fupi zinazoshusha gari sentimita 4, nataka kuzifunga mwenyewe nyumbani. Shokapu nitaziacha zilezile kwa sababu hazivuji. Nianzie wapi? — Msomaji, Tegeta

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuziweka hizo springi kando. Gari likipita tuta kisha likaendelea kucheza, shokapu zimechoka, ziwe zinavuja au la. Springi kazi yake ni kubeba mzigo. Shokapu ndiyo inayoituliza springi baada ya kubanwa. Ndani yake mafuta hupenyezwa kwenye vali ndogo. Vali zikichakaa au gesi ikiisha, nje utaikuta shokapu kavu kabisa lakini ndani haina nguvu. Ukiifungia springi ngumu zaidi, kudunda kutaongezeka.

Pili, sentimita 4 ni nyingi mno kwa barabara zetu. Chukua mfano wa shokapu yenye nafasi ya kupanda milimita 80 tangu gari linaposimama, na milimita 40 za mwisho zikiwa za stopa ya mpira. Ukishusha gari milimita 40, tayari limekaa juu ya stopa hata kabla abiria hawajapanda. Kila rasta itapiga moja kwa moja kwenye bodi, na kwenye kona tairi la nje litakuwa gumu ghafla na kuteleza. Usiondoe stopa ili kupata nafasi: shokapu itagonga chuma kwa chuma na kupasuka ndani.

Tena kwa Impreza kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Shokapu yake ndiyo nguzo inayoshika tairi kwa juu, na chini kuna mkono mmoja tu. Gari likishushwa hadi ule mkono ukapita usawa wa ardhi, ncha yake ya upande wa tairi ikawa juu kuliko ya upande wa bodi, kitovu ambacho gari hukizunguka linapolala kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Gari linakuwa fupi na bado linalala zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana tunasema: shokapu mpya zote nne, springi zinazoshusha milimita 15 hadi 25 basi, maunti mpya za juu (vishikio vinavyofunga shokapu kwenye bodi), stopa mpya na kava mpya za vumbi. Kama fedha inatosha shokapu peke yake, funga shokapu nzuri na springi za kiwandani. Gari litatulia kuliko ulivyotarajia.

Sasa kazi yenyewe. Utahitaji jeki ya magurudumu, stendi za tani 3, spana za boksi namba 12, 14, 17 na 19, toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha Nm) inayofika 200 Nm, jozi ya kompresa za springi, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu na kalamu ya rangi nyeupe. Kama uani ni mchanga, weka chini ya jeki na chini ya kila stendi kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sentimita 5 na upana wa 40. Stendi kwenye mchanga huzama mguu mmoja polepole, halafu gari linaanguka kwa mara moja. Tofali za saruji zisitumike kabisa, kwa kuwa hupasuka bila dalili. Usiku wa kuamkia kazi, piga brashi bolti zote na uzinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, hasa kama gari linalala Kunduchi, Msasani au Kigamboni ambako hewa ya chumvi hula vyuma mwaka mzima.

Kabla ya kugusa kitu, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha tairi) hadi ukingo wa fenda, kila tairi, na uandike. Bila vipimo hivyo hutajua gari limeshuka kiasi gani na kama pande zimelingana.

Fanya mbele kwanza. Weka kabari matairi ya nyuma, legeza nati za tairi likiwa bado chini, inua, weka stendi, kisha litikise gari kwa nguvu. Likitikisika juu ya stendi, shusha na upange upya. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya bodi kama akiba. Fungua bolti zinazoshika mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS kwenye shokapu. Ukisahau waya huo utakatika habu ikishuka, na taa ya ABS haitazimika. Chini ya shokapu kuna bolti mbili, boksi namba 19. Ile ya juu ina kichwa chenye alama kwa sababu ndiyo inayorekebisha kemba, yaani mwinamo wa tairi. Ipigie mstari wa rangi pamoja na chuma kilicho karibu kabla ya kuifungua. Funga habu kwa waya ili isianguke upande wa nje. Ikianguka inavuta sivijointi ya ndani (kiungo cha ekseli) na mpira wa breki kwa pamoja. Halafu ndani ya boneti fungua nati tatu ndogo za juu, namba 12, huku mkono mmoja umeshika shokapu kwa chini. Nati ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayozuia springi isifyatuke.

Kubana springi ndiyo hatua inayoumiza watu, kwa hiyo soma taratibu. Kompresa mbili zikae pande mbili zinazotazamana, kila moja ikamate mikunjo mitano ya springi, au yote iliyopo kama ni michache. Paka grisi kwenye nyuzi zake. Kaza kwa spana ya mkono, mizunguko mitatu upande huu, mitatu upande ule, usiache upande mmoja utangulie. Springi ikipinda, kulabu huteleza. Spana ya upepo isitumike, inakula nyuzi. Kichwa na kifua visikae kwenye mstari wa ncha za springi hata kwa sekunde moja. Springi ikianza kuzunguka kwa urahisi kwenye kikalio chake, hapo ndipo unafungua nati ya katikati, ukishikilia shafti kwa spana ya aleni. Watu hubana shafti kwa praya wakafanikiwa siku hiyo, lakini ule mkwaruzo mdogo unakata sili ya mafuta na shokapu mpya inaanza kuvuja baada ya wiki chache.

Kabla ya kufunga shokapu mpya, isimamishe wima na uisukume na kuivuta taratibu mara nne au tano hadi isiwe na mahali inapolegea. Hewa iliyokaa ndani wakati wa kusafirishwa inatoka kwenye njia ya vali. Panga kwa utaratibu uleule uliotoka: springi, kava, stopa, kikalio cha juu, maunti. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake ya kikalio cha chini, isipande juu yake. Nati ya katikati iwe mpya kwa sababu ile yenye kufuli hutumika mara moja, na kwa Impreza ya miaka hiyo hukazwa 55 Nm. Nati tatu za juu ni 20 Nm tu; ukizitumia nguvu ya nati za tairi utakata stadi (bolti zilizosimama juu ya maunti). Bolti mbili za chini ni 175 Nm, na ya kemba irudi kwenye mstari wako wa rangi. Nati za tairi kaza kwa msalaba, takriban 100 Nm.

Nyuma kazi inafanana, ila juu unafikia kwa kutoa egemeo la kiti cha nyuma. Kumbuka kwamba breki ya mkono ya gari hili inashika matairi ya nyuma, hivyo ukishayainua haikusaidii chochote: kabari ziende mbele. Atakayefanya kwa mara ya kwanza atenge siku nzima kwa mbele na siku nyingine kwa nyuma. Usitegemee kuliendesha kwenda kazini Jumatatu asubuhi kabla ya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa matairi.

SWALI: Habari za kazi. Nimepata koilova (shokapu zilizofungwa pamoja na springi zake, zenye urefu unaorekebishika) za mtumba kutoka Japani za Altezza yangu. Zimeandikwa springi kilo 10 mbele na 8 nyuma. Rafiki yangu mwenye Impreza anasema kilo 10 ni za mashindano tu, zitanivunja mgongo. Nizinunue? — Msomaji, Sinza

JIBU: Rafiki yako ni mkweli kwa Impreza, ila Altezza ni habari nyingine. Kilo 10 maana yake ni kwamba kila milimita moja ya kubanwa inahitaji kilo 10. Lakini tairi halisikii springi yote. Altezza ina mikono miwili, juu na chini, na shokapu imesimama ndani zaidi kuliko tairi. Tairi likipanda milimita 10, shokapu inabanwa labda 7. Ugumu unaofika kwenye tairi ni ugumu wa springi mara uwiano huo, mara uwiano tena: 10 × 0.7 × 0.7 = kilo 4.9. Kwenye Impreza uwiano ni karibu 0.95, kwa hiyo springi hiyohiyo inatoa kilo 9 kwenye tairi. Ukichukua pembe moja ya gari, yaani tairi moja, yenye kilo 320 za bodi, Altezza itacheza mara 1.9 hivi kwa sekunde na Impreza mara 2.6. Gari la familia ni mara 1 hadi 1.5. Kwa Dar tunapenda gari la kasi libaki chini ya 2, na hilo lako linaingia kwa tabu. Kama unapita kila siku barabara za ndani zenye mashimo, tafuta kilo 8 na 6.

Kuhusu umtumba: zikague mbele ya muuzaji. Mtego wa kwanza ni zile ringi za kurekebishia urefu. Koilova nyingi zimetoka mikoa ya Japani inayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na ringi zimeganda kwa kutu kiasi kwamba utakayoinunua ni koilova ya urefu mmoja tu. Jaribu kuizungusha kila ringi palepale. Kisha tazama shafti: nukta za kutu au mkwaruzo unaogusika kwa ukucha, achana nayo. Sukuma shafti hadi mwisho. Isonge kwa uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, na nne zote zifanane mbili mbili. Kama zina kitasa cha ugumu juu, kizungushe hadi kifunge na uhesabu milio ukirudi. Kisichotoa mlio au kinachozunguka bila mwisho kimekufa.

Ukizifunga, urefu rekebisha kwa mguu wa chini kama aina yako inao, si kwa kuibana springi kwa ringi ya juu. Kuibana springi hakuifanyi iwe ngumu zaidi, ila kunakula nafasi ya shokapu kutanuka. Kaza ringi ya springi hadi springi isicheze mkononi, ongeza milimita chache, inatosha. Nyuzi zote zisafishwe kwa brashi ya shaba na zipakwe grisi au nta kabla ya masika ya Machi.

SWALI: Nilishusha Mark X yangu milimita 30. Baada ya miezi michache matairi ya mbele yameisha upande wa ndani, nyuzi zinaonekana, wakati nje bado ni mapya. Fundi anasema ni kemba, ninunue mikono ya kurekebisha. Kweli? — Msomaji, Mbezi Beach

JIBU: Kemba inachangia, lakini mara nyingi kinachomaliza tairi upesi hivyo ni tou, yaani matairi mawili kutazama ndani au nje badala ya mbele. Gari likishuka, urefu wa tairodi (fimbo inayounganisha usukani na tairi) haubadiliki huku pembe yake inabadilika, hivyo tou inahama. Tairi moja likikosea milimita 3 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu ya inchi 17, katika kila kilomita linaburutwa ubavu kama mita 6 na nusu. Kemba inaamua ni upande gani unaolipa. Kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kupima.

Kupima unaweza mwenyewe, na kwa uvumilivu utakaribia sana mashine. Sakafu kwanza: tumia mpira wa maji unaoonesha ndani, ule wa mafundi ujenzi, ulinganishe usawa wa sehemu nne zitakapokaa tairi, na penye kushuka ongeza vigae. Chini ya matairi ya mbele weka vigae viwili viwili vyenye grisi kati yake ili tairi lijiachie. Upepo wa matairi uwe sawa, tangi nusu, sukuma gari mbele na nyuma, kisha bonyeza bodi mara chache ili likae.

Chukua mabomba mawili yenye urefu sawa, yawe mapana kuliko gari, yatie alama mbili zenye umbali uleule. Moja liweke mbele ya bampa, jingine nyuma, kwa kimo cha katikati ya tairi, na uvute uzi wa kuvulia samaki kutoka alama hadi alama pande zote mbili. Sasa una nyuzi mbili sambamba. Sogeza mabomba mpaka umbali wa uzi hadi katikati ya habu ya mbele ulingane kushoto na kulia, na ya nyuma vilevile. Mbele na nyuma haviwi sawa kwa kila mmoja, kwa sababu upana wa ekseli hutofautiana; usihangaike nacho. Funga usukani ukiwa umenyooka. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu kwa mbele na kwa nyuma. Umbali wa mbele ukiwa mkubwa, tairi linatazama ndani.

Kemba ipime kwa timazi: ning'iniza uzi wenye uzito mbele ya rimu na upime nafasi ya juu na ya chini. Kwenye rimu ya inchi 17, ambayo ukingo wake una upana wa karibu milimita 460, tofauti ya milimita 8 ni digrii moja. Kwa matumizi ya mjini mbele lenga kemba ya digrii 1 hadi 1.5 kuelekea ndani kwa juu, na tou sifuri. Nyuma kemba hiyohiyo, na tou ya jumla ya milimita 1 hadi 2 ya kutazama ndani. Tengeneza nyuma kwanza, halafu mbele, na kemba kabla ya tou, kwa kuwa ukigusa kemba tou inahama. Tairodi zungusha kiasi kilekile pande zote, la sivyo usukani utakaa upande.

Ukikuta kemba imepita digrii 2 na tou iko sawa, hapo fundi wako ana haki, mikono ya kurekebisha inahitajika. Au pandisha gari milimita 10. Ni bei ndogo kuliko matairi.

SWALI: Nimefunga shokapu mpya, sasa kuna mlio wa "ko ko" mbele nikipita rasta taratibu. Kabla haukuwepo. — Msomaji, Kimara

JIBU: Anza na nati ya katikati ya shokapu na zile za maunti, nyingi ya kesi hizi huishia hapo. Zikiwa zimekaza, hamia linki za stabilaiza (viunganishi vya kile chuma kinachounganisha miguu ya kushoto na kulia ili gari lisilale): shika linki kwa mkono na uitikise huku matairi yote mawili yamebeba uzito. Mlio unaotokea ukikata usukani gari likiwa limesimama, kama kamba inayokatika, ni springi inayoruka kwenye kikalio; maunti haizunguki au ncha ya springi haikukaa kwenye ngazi yake. Unaotokea ukikanyaga breki ni bushi (mpira unaokaa ndani ya kiungo) ya nyuma ya mkono wa chini.

Na ukifungua linki, inua pande zote mbili za mbele. Upande mmoja ukiwa chini, stabilaiza imejikunja na bolti itatoka kwa kuruka.

SWALI: Bushi za mpira au za poliurethani? Na nikiongeza stabilaiza ya nyuma kutoka milimita 20 hadi 22 nitaona tofauti? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kwa gari la kila siku, bushi mpya za mpira. Za poliurethani zinashika vizuri, ila zinapitisha mtetemo kwenye bodi na zinahitaji grisi ya silikoni kila baada ya muda. Zikikauka zinalia kila tuta.

Bushi za mpira zina sharti moja ambalo gereji nyingi hulivunja: bolti zake zikazwe gari likiwa limekaa kwenye uzito wake. Mpira umegandishwa ndani na nje. Ukiukaza mkono ukiwa unaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, na unapasuka mapema. Ikiwa huwezi kuingia chini ya gari lililo kwenye matairi, weka jeki chini ya mkono, karibu na boljointi (kiungo cha mkono na habu), pandisha hadi kipimo cha habu na fenda kirudi kile ulichoandika, kisha kaza.

Stabilaiza utaiona sana. Ugumu wa chuma hicho hupanda kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe hadi ziwe nne: 22 gawa kwa 20 ni 1.1, na 1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1 ni 1.46. Milimita 2 zimeongeza asilimia 46. Kwenye Impreza inapunguza ile tabia ya pua kukataa kona. Kwenye Altezza au Mark X, zinazosukumwa na matairi ya nyuma, kuongeza nyuma peke yake kunafanya mkia uwe mwepesi kuponyoka, na lami yenye mafuta mvua za kwanza za vuli zikinyesha si mahali pa kujifunzia. Ongeza mbele na nyuma kwa pamoja, au acha.

SWALI: Baada ya kushusha gari, magari yanayokuja usiku hayanipigii tena taa. Ni kawaida? — Msomaji, Mbagala

JIBU: Ina maana zamani taa zako zilikuwa juu mno au sasa zinaangaza karibu mno. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini na uweke alama ukutani. Mstari wa juu wa mwanga wa chini uwe sentimita 5 hadi 7 chini ya alama hiyo. Kama taa zako ni zenoni zinazojirekebisha, tazama kale kafimbo ka sensa kwenye mkono wa nyuma. Gari likishushwa kanaweza kupinduka upande wa pili, na taa zikabaki zimelala chini hata ukirekebisha skrubu.